Kikapu Kilichopendwa na Serikali

Mwezi wa Septemba pale Iringa, baridi ikishaondoka na mijakaranda ikianza kuchanua kuzunguka boma, wakubwa walikuwa wanaingiwa na hamu ya kuwafurahisha raia. Miezi mingine yote walitufurahisha kwa kodi na kulimishwa matuta. Lakini Septemba tuliandaliwa Jumamosi na Jumapili nzima za ngoma, kwaya, mpira na kazi za mikono, tukatangaziwa kwamba kuhudhuria ni hiari. Tarishi aliyeleta tangazo hilo la hiari alikuja na bakora.

Nazungumzia miaka ya hamsini, mwaka nilioolewa. Ndoa ilikuwa imeshafungwa kanisani, na mume wangu alikuwa ametangulia Mbeya kazini kwake. Kilichobaki ni mimi kusindikizwa ukweni, na lori la kunipeleka lilikuwa linaondoka Jumatatu, siku inayofuata baada ya maonyesho.

Kwetu bibi arusi haendi ukweni mikono mitupu. Anakwenda na unga wa ulezi ndani ya kikapu alichosukiwa na bibi yake, na kwa unga ule anapika ugali wa kwanza wa mama mkwe. Kikapu kikikosekana, ukweni wanaanza kuulizana chini chini kama huyu msichana ana watu wake. Bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye aliyenilea, alinisukia changu kwa majani ya milulu aliyoyakata mwenyewe bondeni. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikimaliza kwa kupapasa zaidi kuliko kuona, akaniambia hicho ndicho cha mwisho, hatasuka tena.

Sasa mjomba wangu, mtoto wake wa kiume wa pekee, alikuwa karani wa boma na mjumbe wa kamati ya maonyesho. Alikuwa mtu wa tai. Alifunga tai kazini, kanisani na hata akienda kuangalia ng'ombe wanavyoogeshwa. Ijumaa alikuja nyumbani na maneno matamu, akakigeuzageuza kile kikapu.

"Mama, niazime hii. Tunaweka mezani watu waone kazi ya Wahehe. Kesho jioni narudisha."

"Usichelewe nayo," Bibi akamwambia. "Mtoto anasafiri Jumatatu."

Jumamosi tukaenda, Bibi na mimi, tumevaa vizuri kama wote wenye hiari. Kwaya ya shule ikaimba kwa sauti nne juu ya faida za choo cha shimo. Sauti ya nne, wavulana wakubwa wenye vifua, walikuwa na neno moja tu, "shimo, shimo", na walilitoa kwa huzuni kubwa hata mama mmoja karibu yangu akajifuta machozi. Kisha mpira, watumishi wa boma na wafanyabiashara wa mjini. Refa alikuwa karani mkuu wa boma, kwa hiyo boma likashinda, na wafanyabiashara, watu wa adabu zao wenye kanzu nyeupe pembeni ya uwanja, wakapiga makofi.

Zikafuata kazi za mikono. Mwamuzi alikuwa memsabu mmoja mwenye kofia iliyoshonewa matunda ya bandia. Alipita mbele ya mikeka, vyungu na kabichi akisifu kila kitu kwa sauti ile ile. Alipofika kwenye kikapu cha Bibi akaagiza glasi ya maji, akayamimina ndani, akangoja. Maji hayakutoka. Memsabu akapiga ukelele wa furaha, akakiinua juu, akasema maneno mengi ya Kizungu.

"Anasema nini huyo?" Bibi akamuuliza mjomba.

"Anasema umekuwa wa kwanza, Mama."

"Haya, nimeshukuru. Basi anipe kikapu yangu."

Mjomba akajikohoza. "Inakwenda Dar es Salaam. Watamwonyesha Gavana, halafu wanaiweka kwenye kabati la vioo, wageni wawe wanaitazama."

"Na unga?"

"Unga gani, Mama?"

"Hao wageni watapika na unga gani? Na huyu mtoto wangu je?"

Mjomba akamgeukia memsabu, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mama yake amefurahi mno, amekosa la kusema. Halafu akatuambia sisi, kwa sauti ya chini, kwamba kitu kikishapendwa na Serikali hakiombwi tena. Kamba ikafungwa kuzunguka meza, askari akawekwa. Tukarudi nyumbani kikapu chetu kikiwa chini ya ulinzi kama mlevi.

 Njiani nililia bila kujificha. Nilimchukia mjomba, nikaichukia tai yake, na nikamchukia Gavana ambaye sikuwahi kumwona. Ningekwenda Mbeya na unga kwenye mfuko wa sukari kama mtu aliyeokotwa barabarani, na mikono iliyokuwa imeaga kazi isingeweza kunisukia kingine.

Jioni akapita fundi cherehani, jirani yetu, Mngoni kutoka Songea. Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana na babu zao, vita ilipokwisha matusi yakabaki, na yametunzwa vizuri kuliko makaburi. Mtani anaweza kuingia uani kwako akachukua kuku, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Fundi huyu alikuwa amemtukana Bibi karibu kila siku tangu ahamie pale, na siku asipopita Bibi alikuwa anauliza kama ameugua.

"Mla mbwa, mbona umenuna?" akamwambia.

"Niondokee, mla panya. Leo sina hamu na wewe."

Nikamweleza yote. Hakutupa pole hata moja. "Afadhali wameichukua," akasema. "Mngeenda kubebea mbwa." Bibi akamtupia mwiko. Fundi akaukwepa, akauokota, akaurudisha taratibu penye miiko mingine, kisha akaniuliza, "Hivi wale askari wanaolinda meza ni watu wa wapi?"

"Wahehe watupu."

Akaondoka anacheka peke yake, nami nikaona kweli huyu mtu hana moyo.

Jumapili ilikuwa siku ya ngoma. Kikundi cha ngoma ya mganda kilikuwa kimetoka Mbeya kwa lori, kaputula nyeupe zimepigwa pasi, soksi mpaka magotini. Walikuwa na Kingi wao, ambaye siku za kazi alikuwa mpishi wa wamisheni, na Daktari wao, aliyewatibu wachezaji kwa kuwafuta jasho na taulo. Walitembea kijeshi, wanageuka kwa pamoja, na Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu mkuu wa wilaya, akawa anatikisa mguu kitini bila kujijua.

Katikati ya ngoma fundi akatokea. Akaivuka kamba, akachukua kikapu mezani mbele ya askari, akakigeuza, akakivaa kichwani mpaka puani. Halafu akaingia kwenye mstari wa mganda nyuma ya Daktari, akawa anapiga hatua zake upande huu wenzake wakienda upande ule, maana alikuwa haoni kitu. Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko.

"Kamata yule!" Bwana Shauri akaamuru.

Askari wakatazamana. Mkubwa wao akapiga saluti. "Bwana, yule ni mtani."

Mjomba akaitwa kutafsiri. Kiingereza chake, ambacho miaka yote tuliambiwa hakina mwisho, siku hiyo tuliuona mwisho wake. Kwa jinsi alivyotueleza baadaye, alianza kwa kusema yule mtu ni ndugu yetu. Akaulizwa ndugu wa namna gani. Akasema ni adui. Akaulizwa kama ni adui mbona watu wanacheka. Akasema ni kwa sababu anaiba. Bwana Shauri alimtazama kama mtu anayeanza homa, akaagiza mwenye kikapu aletwe.

Bibi akapelekwa mbele, nimemshika mkono. Akaulizwa kama anamshtaki yule mwizi.

"Nimshtaki kwa nini? Huyu mtumwa wetu," Bibi akasema kwa sauti iliyofika mpaka goli la pili. "Babu zake waliiba ng'ombe za babu zangu, hatukushtaki. Nitashtaki kwa kikapu?"

Watu wakashangilia. Bwana Shauri akafikiri, akasema kumbe jambo hili ni mila. Na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa imetangazwa ni ya mila, akaruhusu liendelee. Fundi akatoka uwanjani na kikapu kichwani, akaongozana na mbwa na watoto. Mjomba, kwa kuokoa tai yake, akanunua kikapu kingine sokoni, kikafungiwa kadi ya ushindi na kupelekwa Dar es Salaam. Tulisikia kilisifiwa sana.

Lakini mtani hakurudishii kitu bure, lazima umkomboe, na Jumatatu lori lilikuwa limeshawashwa fundi hajaonekana. Shangazi aliyekuwa anisindikize alianza kutafuta mfuko wa sukari. Ndipo akaja, anatembea kwa madaha, kikapu kimefunikwa kitambaa. Akataka jogoo. Bibi alikuwa naye kwapani tangu alfajiri, akampa. Tulipofunua kitambaa, ndani amekaa mbwa mdogo, anatutazama.

"Kitoweo chenu cha njiani," fundi akasema.

Bibi alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Tukamimina unga kikapuni, na mbwa nikabebeshwa mimi, maana zawadi ya mtani haikataliwi. Tulipofika Igawa, bado tuko njiani, mbwa alikuwa ameshamlowesha shangazi pembeni yangu kanga mbili. Mama mkwe alipokea kikapu, akakipapasa pande zote, akanikumbatia. Habari ya mbwa aliniuliza baadaye.

Bibi alifariki kabla ya uhuru. Nilikuja kutoka Mbeya na kikapu changu. Sikuwa na sababu, nilikitaka tu kiwe karibu. Fundi alikuwa amefika kabla yangu, na alikuwa kazini, maana kazi ya mtani msibani ni kuchekesha, na kwake kulia ni mwiko. Alikuwa ameshalala mlangoni kuzuia jeneza, akisema huyu bibi mvivu asibebwe, atembee mwenyewe. Watu walikuwa wanacheka na kamasi.

Alipokiona kikapu mkononi mwangu akanijia. Akakichukua bila kuniomba, akakivaa kichwani mpaka puani, kama siku ile, akaongoza msafara kwenda makaburini kwa hatua za mganda, anapishana na kila mtu. Watu wakakumbuka maonyesho, wakacheka tena, hata mjomba, na tai yake nyeusi. Mimi nilikuwa pembeni yake kabisa. Niliona machozi yakitoka chini ya ukingo wa kikapu na kudondokea kwenye kola ya shati lake, njia nzima.

Kaburini alikaa hivyo hivyo mpaka udongo ulipokwisha. Nilisimama mbele yake, watu wasimwone, nikangoja akivue mwenyewe.