Mwaka Kutu Ilipokula Bomba la Kahawa

Mume wangu alikuwa fundi wa kiwanda cha kahawa katika shamba moja kubwa kule Oldeani, nami nilikuwa miongoni mwa wanawake waliochambua kahawa kwenye vitanda vya kuanikia. Kambi nzima ya wafanyakazi ilimwita Fundi, na hata baada ya kufunga ndoa sikuliacha jina hilo. Alitoka Kilimanjaro. Mimi nilizaliwa Endamarariek, katika nyumba ambamo watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja.

Baba hakuja kwenye ndoa yetu. Hakugomba wala hakutukana. Siku wazee wa upande wa Fundi walipoleta posa, alisema tu, "Kijana huyu hana shamba wala ng'ombe. Ana mashine, na mashine yenyewe si yake. Ikifa, atamlisha nini binti yangu?" Mama alimbembeleza mpaka akakubali kupokea posa, lakini siku ya harusi alipeleka ng'ombe malishoni alfajiri, akarudi jua limeshazama. Tangu hapo nilikwenda kwa wazazi wangu peke yangu. Fundi alinisindikiza mpaka njia panda, akageuka.

Hiyo ilikuwa miaka ya uhaba, mwanzoni mwa themanini. Sabuni ilikuwa shida, sembe ilikuwa shida, na rangi ya kupaka chuma ndiyo kabisa haikuonekana. Kiwandani kutu ilijilia itakavyo. Ukungu wa Oldeani hulowanisha kila kitu mpaka saa nne asubuhi, na maji yanayotoka kwenye matangi ya kuchachushia kahawa ni makali kama siki. Mashine ya kumenyea ilikuwa imebanduka magamba mekundu ubavuni. Nati zilikuwa zimeliwa mpaka hazishiki spana. Fundi alipaka oili chafu badala ya rangi, akakaza waya mahali palipotakiwa bolti. Jioni alirudi na mashati yenye madoa ya kutu, nami niliyasugua kwa ndimu na chumvi, nikayaanika juani. Madoa yalififia, hayakuisha. Nilimwambia nimeolewa na chuma, akacheka.

Msimu wa mavuno ulipopamba moto, bomba likapasuka.

Lilikuwa bomba lililoleta maji kutoka kijito cha msituni. Bila maji hayo kahawa haimenywi wala haioshwi, na kahawa mbivu haisubiri. Ukiilaza kwenye magunia inachemka, inanuka, thamani yake imekwisha. Asubuhi ile maji yalikatika ghafla. Fundi akapanda msituni, nasi wanawake tukamfuata kwa kuwa hatukuwa na la kufanya. Mahali bomba lilipopita kwenye udongo wa majimaji, chini ya miti mikubwa, maji yalikuwa yakiruka juu kama chemchemi. Fundi alifukua kwa jembe, akagonga bomba kwa nyundo. Nyundo ikazama. Akasogea mbele, akagonga, ikazama tena. Kipande kirefu chote kilikuwa kimeoza, kimebaki umbo tu. Alichukua gamba moja, akalivunja kwa vidole kama biskuti.

"Chini ya hapa ni zima," alisema. "Hapa ndipo palipokufa."

Meneja alituma gari Arusha kutafuta mabomba, likarudi tupu. Likapelekwa Moshi, likarudi tupu. Kahawa ilimwagwa juani na maganda yake ikauke hivyo hivyo, iuzwe kama buni. Meneja akatangaza kwamba hali ikiendelea hivyo vibarua watapunguzwa. Usiku huo Fundi hakula. Nilipomuuliza anawaza nini, akasema, "Baba yako anachonga mizinga ya nyuki."

"Ndiyo."

"Mzinga ni gogo lililochongwa ndani, likapasuliwa pande mbili. Kila upande ni mfereji. Tukiipanga mwisho kwa mwisho, maji yatapita juu ya ile sehemu mbovu, yaingie kwenye pipa, na pipa tuliunganishe na bomba zima."

Nilimwambia ni wazo zuri. Sikumwambia nilichokuwa nikikihofia. Nilijua msimu ule baba alikuwa amechonga mizinga mipya ya mti wa mringaringa, akingoja miti ichanue aitundike. Na nilijua neno atakalolisema: mashine imekufa, nilikwambieni.

Tulikwenda kesho yake na trekta la shamba na tela lake. Baba alikuwa uani, shoka la kuchongea mkononi. Alimtazama Fundi kwa muda mrefu. Fundi akavua kofia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Kisha baba akaniangalia mimi. "Mmekula?"

Ndilo neno alilolisema. Mama alikuwa ameshakimbilia jikoni, machozi yanamtoka akisingizia moshi. Tulipomaliza kula, Fundi alieleza shida yake. Hakupamba. Alisema chuma kimeliwa, mabomba hayapatikani, watu wa kambini watakosa kazi, na yeye amekuja kuomba mizinga. "Sitaweza kuirudisha kama ilivyo, baba. Maji yataiharibu."

Baba alinyanyuka, akaenda ilikopangwa mizinga mipya nyuma ya nyumba, akaigusa mmoja mmoja kwa kiganja. "Haitatosha," alisema. Akamwita jirani yake kwa Kiiraqw, na jirani akamwita mwingine. Mpaka alasiri tela lilikuwa limejaa. Jirani mmoja aliteremsha hata mizinga yake ya zamani kwenye miti, akafukuza nyuki kwa moshi, na wote tukaumwa. Tulipoondoka, baba alipanda kwenye tela, akaketi juu ya mizinga yake, blanketi begani. Hakuna aliyemwalika.

Kazi ile msituni waliifanya pamoja. Fundi alipima mteremko kwa kumwaga maji ya kikombe na kuyatazama yakienda. Baba alikata nguzo za panda, akaegesha magogo juu yake. Viungo tuliviziba sisi wanawake kwa udongo wa mfinyanzi na samadi. Maji yalipofunguliwa yalikuja polepole, yamebeba majani na vumbi la mbao, yakavuja hapa, yakavuja pale, yakafika kwenye pipa. Muda kidogo tukasikia kengele ya kiwanda ikigongwa kule chini: maji yamefika. Wanawake walipiga vigelegele. Fundi alijifuta uso kwa mkono wenye matope, akabaki na tope usoni siku nzima pasipo mtu wa kumwambia.

Baba alikaa kwetu mpaka mavuno yakaisha, akizibua mifereji kila asubuhi. Jioni moja nilimsikia akimuuliza Fundi, "Chuma hiki kinaumwa nini hasa?" Fundi akamweleza jinsi maji na hewa vinavyokila, na jinsi uchachu wa kahawa unavyoharakisha. Baba akasikiliza, akasema, "Kumbe hata wewe unafuga. Unachunga kitu kisife." Nilimwona Fundi anainamisha kichwa kama mtu aliyepewa kitu kizito akipokee.

Mabomba yalipatikana mwaka uliofuata. Mashine yenyewe haikudumu. Miaka michache baadaye fremu yake ilikatika, kiwanda kikafungwa, na kahawa ya shamba ikaanza kupelekwa kumenywa kwingine. Fundi alipata kazi ya gereji Karatu mjini, tukahamia huko.

Lakini kabla ya hayo yote, kiangazi kilichofuata mavuno yale, alichukua likizo yake akaenda Endamarariek kuchonga mizinga ya kulipia ile iliyoharibika. Aliyezoea chuma hakujua mti. Siku nilipowapelekea chakula kutoka kambini nilimkuta viganja vimejaa malengelenge, mzinga wake umepinda upande, na baba anacheka mpaka anakohoa.

"Nyuki gani ataingia humo?" baba alikuwa akiuliza.

"Ataingia kilema," Fundi akajibu, nao wakacheka tena.

Hawakuwa wameniona. Nilisimama pale nyuma ya ua na kapu langu kichwani, sikutaka kuwakatiza, mpaka mama alipotoka nje na kuniuliza kwa nini nimesimama juani.