Filamu Tuliyoitwangia Muhogo

Miaka siijui kwa namba, naijua kwa sufuria. Kulikuwa na mwaka wa ugali wa njano, ule wa mahindi ya msaada, uliotukaa kooni mpaka mbwa wakawa wanaunusa na kwenda zao. Mwaka uliofuata muhogo ukazaa, tukaula asubuhi na jioni, kwa maharage siku za kawaida na kwa migebuka mikavu, samaki wa ziwani, siku za gulio, na Kasulu nzima ikanuka muhogo uliovundikwa. Anayeijua harufu ile haisahau: chachu, kama kitambaa kilicholowa kikaachwa pembeni. Huo ndio mwaka ninaousimulia. Nilikuwa msichana mdogo. Shule nilikuwa nimeshaiacha darasa la nne. Sikuililia, wala yenyewe haikunililia.

Mwaka huohuo mwenye duka mmoja, mtu wa pwani, alileta video na jenereta, akaligeuza ghala lake la chumvi kuwa chumba cha sinema. Wanaume na vijana waliingia mchana wa gulio, wakabanana humo kama maharage ndani ya gunia. Msichana hakuingia. Hakuna aliyetangaza, lakini binti akionekana anatoka mle, shangazi wa mchumba aligeuza njia akarudi kwao. Mimi na Butoyi, rafiki yangu, tulikuwa nyuma ya ukuta wa ghala, uani kwa Mama Zuhura, mke wa mwenye duka, tukimtwangia muhogo. Kinu kimoja, michi miwili: wangu ukipanda, wake unashuka. Ukichelewa unagonga mchi wa mwenzio. Ukiinama mapema unagongwa wewe. Siku hizi watu wanasema wanaelewana. Waende kwanza wakatwange kinu kimoja, halafu waje tuzungumze.

Kulikuwa na kanda moja iliyopendwa kuliko zote, ikarudiwa gulio hata gulio. Ilikuwa filamu ya vijana wa shule, huko Ulaya au Marekani, sisi kwetu kulikuwa kumoja. Kiingereza hatukukijua na picha hatukuziona. Tulichokuwa nacho ni nyimbo, zilizopenya tofali mbichi kama moshi. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mbio, ngoma zake zinadunda kama mvua ya mawe juu ya bati, nasi tulitwanga mpaka unga ukaruka nje na Mama Zuhura akapiga kelele: "Nyie wasichana, mnatwanga muhogo au mnaua nyoka?" Halafu, karibu na mwisho, ulikuja wimbo wa polepole. Kinanda peke yake, kisha sauti ya mwanamke, nyembamba, inapanda kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Ulipoanza tu, wanaume wote mle ndani, waliokuwa wakipiga miluzi na kutukanana, walinyamaza kimya. Mmoja akikohoa, basi.

"Kuna mtu amekufa," Butoyi akasema.

"Ni yule wa wimbo wa mbio," nikamjibu. "Alikimbia mno."

Hatukuwa wajinga. Kwetu wanaume hawanyamazi namna ile ila maiti inapopita. Basi tukawa, kila gulio, ukifika wimbo ule, tunapunguza mchi, tunatwanga kwa heshima. Yule marehemu tukampa jina, tukampa mama anayemlilia, tukampa hata ng'ombe wa kuwaachia wadogo zake. Wanasema usilolijua ni usiku wa giza. Ni kweli, lakini mkono wa mwanamke unaijua njia ya jikoni hata bila taa.

Kabla ya mvua kuisha mama yake Butoyi akafa. Tumbo lilimshika, siku chache akaondoka. Msibani watu wanakula, na unga hautoki mbinguni, kwa hiyo wasichana tukawekwa kwenye kinu. Butoyi alishika mchi wake, mimi wangu. Mikono ikaanza polepole, na wimbo ukatoka wenyewe, kwanza puani mwa Butoyi, halafu mwangu. Maneno ya kizungu hatukuwa nayo, tukautilia ya Kiha: mama nenda, njia imefagiliwa. Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mkeka wakauinua wimbo. Kabla jua halijageuka wote waliujua. Tangu siku ile ukawa wimbo wetu wa matanga, ukavuka vijiji, na nilipoolewa Kibondo niliukuta umeshafika kabla yangu.

Baada ya maziko tulirudi kutwanga kwa Mama Zuhura. Alimwonea Butoyi huruma. Siku ya gulio alifungua mlango mdogo wa nyuma ya ghala, akatuita kwa mkono. "Haya wanangu, simameni hapa gizani, hakuna atakayewaona. Mtazame japo mwisho." Butoyi akauacha mchi. Mimi nilikuwa nimemwona mama yake akifungwa sanda, na vifo vilinitosha.

"Siangalii mimi," nikasema. "Mle ndani kuna mtu amekufa."

Butoyi akaingia peke yake. Wimbo wa polepole ukapigwa wote, wanaume wakanyamaza wote. Alipotoka, uso wake haukuwa na kilio wala kicheko. Akaokota mchi.

"Nani kafa?" nikamuuliza.

"Twanga," akasema.

Nikatwanga. Sikumuuliza tena, naye hakunieleza, hata tulipozeeka. Kila msiba uliotukutanisha yeye ndiye aliyeanzisha wimbo ule, na aliuanzisha vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia.

Mwaka ambao wajukuu wanauita 2014, Butoyi akafa. Nikapanda gari kutoka Kibondo na mjukuu wangu Neema, wa darasa la sita, mwenye mdomo kama pilipili na simu ya mjomba wake mfukoni. Siku hizi unga unatoka mashineni, lakini wenzangu wa zamani walikuwa wametoa kinu uani kwa ajili ya Butoyi. Tukaanza polepole, tukauinua wimbo. Neema akatumbua macho.

"Bibi! Huu si wa msiba! Mjomba anao, uko kwenye filamu ya zamani. Ni pale wanapobusiana!"

Msichana mmoja akacheka, mwingine akaficha uso kwenye khanga. Neema akaeleza kwamba nyimbo zile zimerudi, zinauzwa mjini kwenye kadi za simu, na watu wazima wanazinunua wakisema wanakumbuka ujana wao. Ujana upi? Wanakumbuka viatu ambavyo hawakuvaa. Mimi nakumbuka muhogo. Binti mkubwa wa Butoyi akanisogelea, machozi hayajamkauka, akaninong'oneza: "Mama mdogo, tuuache? Watatucheka mbele ya jeneza la mama."

Nikafikiri. Basi ndiyo maana wale wanaume walinyamaza: midomo. Na Butoyi alikuwa ameona. Alijua tangu siku ile mlangoni, akarudi kwenye kinu, akauimba wimbo wa midomo kwa heshima maisha yake yote, kwa sababu ulikuwa umeshamzika mama yake.

"Mama yenu alijua," nikawaambia. "Asiyetaka kuuimba akachote maji."

Hakuna aliyekwenda kuchota maji. Neema peke yake ndiye ambaye hakukubali kushindwa. Akafungua simu, akanisogezea kioo usoni, kimewaka, vijana weupe wamesimama wanasubiri kidole chake. "Tazama tu, Bibi. Mwisho tu. Ujionee mwenyewe." Nikaishika simu ile, nikaigeuza kifudifudi juu ya mkeka, nikaushika mchi.

"Siangalii mimi. Mle ndani kuna mtu amekufa."