Mkono Uliotafuta Mshipa

Asubuhi ile Agnesi aliamka kabla ya mumewe, kama siku zote, akabandika chai. Waliinywa wamesimama mlangoni mwa karakana yao pale mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Kiti kilikuwa kimoja, na kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake, basi kikabaki kitupu miaka yote.

Heriel alikuwa amemaliza kulipiga tupa koleo la kuhasia ndama. Agnesi alilipima kwa njia yake. Alikunja kipande cha boksi, akaweka uzi katikati, akabana, akafungua. Boksi zima, uzi umekatika. Akaliinua boksi kwenye mwanga, akaligeuza, akasema koleo limepona.

Kwa asiyelijua, koleo hilo ni chuma cha mikono mirefu chenye midomo butu. Halichani ngozi wala halitoi damu. Linaponda mshipa kwa ndani tu. Ndama dume anabaki na vyake vyote kwa nje, vinanyauka taratibu, naye anakuwa maksai.

Kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili. Heriel, mtoto wa wahunzi wa Machame, alilitunza koleo na kulifunga, kwa kuwa kulifunga kunataka nguvu. Agnesi ndiye aliyepiga magoti nyuma ya ndama, akautafuta mshipa kwa vidole, akausukumia pembeni na kuushikilia hapo. Siku nyingine alikuwa kwenye meza yake Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, akiuza kamba, kengele na dawa ya kupe. Wenye ng'ombe wa kandokando ya mji walimfuata hapo, na nani ahasiwe lini aliamua yeye. Ndama mchanga mno alimkataa, mshipa wake bado ni kama uzi, unateleza. Dume lililokomaa alilikataa vilevile, mshipa umenenepa, litateseka bure. Mpira wa kubana aliukubali kwa ndama wa siku chache tu, tena isiwe masika, maana nyama inayokufa polepole wakati wa nzi inaita pepopunda. Kisu aliwaachia wengine.

Vijana wa spea walimtania kila wakimwona na lile koleo. Asubuhi hiyo mmoja, muuza beringi, alijiziba mbele kwa mikono miwili. “Mama, hicho kidude geuzia kule. Mimi bado sijazaa.”

Agnesi hakucheka. “Usiogope, mwanangu. Sihasi mtoto kabla hajaacha ziwa.”

Wenzake walimcheka yule kijana mpaka basi la mwendokasi lililokuwa linapita likapiga honi.

Ndipo akatokea Ubeid, mwenye duka la vitambaa Kariakoo, aliyefuga ng'ombe wachache Kigamboni. Alikuwa na ndama dume mwekundu mwenye baka jeupe pajani, anataka amhasi wiki ileile, amnenepeshe kwa Idi ya kuchinja ya mwaka unaofuata. Alitaka koleo, si kisu, kwa sababu hakupenda mnyama wa Idi awe na jeraha. Agnesi aliuliza jambo moja tu, ametengwa lini na mama yake. Ubeid akasema juzi. Agnesi akakataa. Ubeid akamgeukia Heriel, kama wanaume wanavyofanya, na Heriel akamwonyesha kwa kidevu, muulize huyo. Agnesi akatoa sababu yake, maneno machache, akasuuza kikombe, akajifunga kitenge vizuri, akaenda kufungua meza.

Alianguka saa nne akimpimia mteja kamba. Hospitali walisema ni presha, na kwamba alikuwa ameshaondoka kabla hajafikishwa.

Walimpeleka Machame, akazikwa kihambani, shamba la ukoo, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe kipindi cha likizo za Krismasi. Baada ya matanga, Hillary, mtoto wao mkubwa, alimwambia baba yake abaki. Mjini kuna nini tena? Heriel akasema kuna kazi. Akapanda basi akarudi.

Hilo neno alilishika. Kama kazi ipo, basi naye yupo. Lakini alikuwa hajajua bado kama ile kazi inafanyika na mtu mmoja. Kule Mtaa wa Sikukuu meza ya Agnesi alikuta imekaliwa na kijana wa makava ya simu. Kijana akamwamkia shikamoo kwa adabu, akamuuliza anatafuta kava la simu gani.

Ubeid alikuja kutoa pole. Akaketi kwenye kile kiti kimoja, maana hakujua. Alimsifu Agnesi kwa muda, kisha akashika ndevu zake.

“Mangi,” akasema, kama mjini wanavyowaita watu wa Machame, “sipendi kulisema hili leo. Mwenzako aliniambia nisubiri, nami nimesubiri. Sasa ndama amekuwa, anapanda mitamba, dada zake mwenyewe. Mchinjaji wa Vingunguti ameshamwona, anamtaka. Ukiona huwezi, niambie tu. Hakuna ubaya.”

“Naweza,” akasema Heriel.

Siku ya kwenda aliliviringisha koleo kwenye kanga ya Agnesi, kama mkewe alivyokuwa akilifunga ili watu wa pantoni wasiulizeulize. Pale Kivukoni, walipoanza kupanda, alisogea pembeni, kwa mazoea, kumpisha mkewe apite kwanza. Nyuma yake alikuwa mwanamume mwenye ndoo ya samaki.

Kigamboni mchungaji wa Ubeid, Beno, alikuwa ameshamwangusha ndama na kumfunga miguu. Alikuwa ndama mzuri. Heriel alipiga magoti mahali alipokuwa akipiga magoti mkewe, akapeleka mkono.

Vidole vyake vilikuwa vya moto na chuma. Vingeweza kuokota kaa jekundu na kulirudisha jikoni bila haraka. Chini ya ile ngozi laini havikusikia kitu. Alitafuta juu, akatafuta chini, ndama akajikunyata. Mwisho akamwachia Beno ashike, yeye akachukua koleo. Beno alikuwa mtu wa ng'ombe tangu utoto wake Singida, ila kazi hii alikuwa hajaifanya.

“Nimeupata, mzee.”

Heriel akafunga. Upande wa kushoto ulitoa ule mlio aliouzoea, mdogo, kama kijiti kibichi cha muhogo kinapovunjwa. Akashikilia. Hapo ndipo Agnesi alipokuwa akisali Baba Yetu kwa Kimachame, kwa sauti ya chini, bila haraka. Akifika amina, Heriel anafungua. Miaka yote saa yao ilikuwa hiyo. Sasa kulikuwa na pumzi za ndama na kuku wanaoparura. Heriel akaianza sala mwenyewe moyoni. Ilipofika kwenye mkate wa kila siku ikampotea, akaanza upya, ikampotea palepale.

“Mzee, tufungue?” akauliza Beno.

Wakafungua. Wakahamia kulia. Beno akasema ameupata. Heriel akafunga, na mlio hakuusikia. Akafungua, wakajaribu tena juu kidogo, bado kimya. Ndama alikuwa akitetemeka mwili mzima, povu limemjaa mdomoni. Agnesi angejua kama ni kumwacha au kumrudia. Heriel alisimama, akafuta koleo kwa majani.

Ubeid alipofika, Heriel alimwambia ukweli wote. Upande mmoja nimeusikia, wa pili sikuusikia. Ubeid akasema inshallah, akampa mkono kwa mikono yake yote miwili.

Mvua zikakatika. Siku moja Ubeid akamwita dukani. Alimkaribisha ndani, nyuma ya majora ya vitambaa, akaagiza kahawa. Upande wa kushoto umenyauka, akamwambia, wa kulia uko palepale. Ndama amekuwa mkorofi kuliko mwanzo, amevunja ua, amemkanyaga Beno mguu.

“Niletee nimrudie,” akasema Heriel.

Ubeid akatazama kahawa yake. “Nimeshamtoa, Mangi. Jana alfajiri, Vingunguti.”

Wakanywa kahawa.

“Si wewe,” Ubeid akasema mwishowe. “Kazi ile ilikuwa na watu wawili.”

Heriel alirudi Gerezani kwa miguu. Akakunja kipande cha boksi, akaweka uzi katikati, akabana kwa koleo. Boksi zima, uzi umekatika. Koleo halikuwa na ubaya wowote. Akaliviringisha kwenye kanga, akalisukuma chini ya kitanda, mpaka mwisho ukutani, mahali ambapo kulitoa tena kungemlazimu alale chini. Hakuwa na nia ya kulitoa.

Hillary alipiga simu jioni, akauliza kama kazi ipo. Heriel akasema ipo. Baada ya hapo hakuna aliyekuja, wala yeye hakumfuata mtu. Asubuhi anabandika chai, anainywa amesimama. Vijana wa spea wanamwamkia, anaitikia marahaba, hawamtanii. Wakati mwingine anakitazama kile kiti, halafu anatazama barabarani, na anakumbuka alivyosimama Agnesi mlangoni na kikombe chake, akimjibu Ubeid bila kupandisha sauti:

“Juzi tu umemtoa kwa mama yake, usiku kucha analia, majani hagusi. Leo nimshike tena? Ngoja kwanza asahau uchungu mmoja.”