Kiganja Kilichokosekana Ukutani

Usiku ule nililala na hasira, na hasira yenyewe nilikuwa nayo juu ya nafsi yangu. Alasiri Bi Zena alikuwa amepita tena barazani kwangu kuniambia kwamba ukuta wa chumba chake unatoa jasho. Chumba hicho kimeegemea ukuta wa mji, ule wa kale wenye matundu ya kupigia bunduki, na kipande kilichoporomoka pale nilikijenga upya mimi, mwaka uliopita. Nikamwambia ni unyevu wa masika, utakauka. Nilimjibu kwa ukali kwa sababu nilijua ninasema uongo.

Usingizi haujanikolea vizuri nikamwona Fundi Shee amesimama langoni mwa mji, kanzu ameikunja mpaka magotini, miguu myeupe kwa chokaa. Ndiye aliyenifundisha uashi. Nilijua amekufa, maana mimi mwenyewe nilishuka kaburini kumpokea. Hilo halikunitisha. Nilichoogopa ni kwamba amekuja kukagua kazi.

"Twende," alisema.

Tukaanza kuuzunguka ukuta. Yeye alikwenda mbio, mimi nyuma yake natafuta viatu vyangu huku natembea. Kila tukipita pembe moja tunatokea pengine. Mara tuko juu ya mnara wa walinzi, tunatazama upande wa bahari alikokuwa akitokea adui. Mara tuko chini, na ukuta wenyewe bado haujajengwa. Watu wamejaa. Wanaume wanakata matumbawe majini, wanawake wanapita na makapu ya chokaa kichwani, bibi mmoja anachochea tanuu la kuchomea chokaa kwa magogo ya mikoko na kuulaani moshi. Nauliza wanaharakia nini, na hakuna mwenye nafasi ya kunijibu. Fundi Shee ananifunulia shimo lililofunikwa kwa makuti. Ndani yake mna chokaa iliyolowekwa miezi mingi, imelainika kama samli. Watu hawa adui yuko mlangoni kwao, na bado chokaa wameisubiri.

Naona haya, nataka kuondoka. Yeye ameshasonga mbele.

Sasa anapapasa ukuta. Katika mji wetu mwashi akimaliza kipande chake hubandika kiganja kwenye lipu mbichi, chini kabisa, mahali ambapo mpita njia haoni mpaka ainame. Maana yake, hapa pakianguka niulizwe mimi. Fundi Shee anachutama kwenye kila kiganja, anaingiza mkono wake katika alama ile na kutaja jina. Cha babu yake. Cha mwalimu wake. Chake mwenyewe, chenye kidole kilichopunguzwa na patasi. Namwambia jua limekuwa kali, turudi. Namwambia nimeacha kazi ya watu. Miguu yangu haitulii, na yeye anapapasa tu, anasonga, anapapasa.

Tukafika kwenye kipande changu. Lipu yake laini, nyeupe, inapendeza macho. Alipapasa chini, akarudia, kisha akabandika sikio pale kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Mkono wako uko wapi, Omari?"

Nikaanza kujitetea. Kwamba mvua zilikuwa karibu, chokaa yangu haijaiva, na watu wa mtaa wananisukuma nimalize. Kwamba nilitia simiti ndani, nikapaka chokaa juu, na kila aliyepita alinisifu. Sikumwambia kwamba nilipoinama kubandika kiganja, mkono ulikataa. Nadhani alijua. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mawe ya bahari hunywa maji na kuyatoa, na ukiyaziba kwa simiti maji hubaki ndani, yakaula ukuta taratibu mpaka utoke tumbo, kisha uanguke.

Na tumbo limetoka. Ukuta unafura mbele yangu, na upande wa pili nasikia Bi Zena anakohoa kitandani. Nausukuma kwa mikono miwili, naongeza bega, maji yananitiririkia mpaka kwenye viwiko.

"Usihangaike kuushika," akasema Fundi Shee. "Mwambie."

Niliamka bega langu liko kwenye ukuta wa chumba chetu, mke wangu amekaa kitandani ananitazama.

"Wenda wapi?" aliniuliza nilipoanza kuvaa.

"Kwa Bi Zena. Nimemdanganya."

Adhana ya alfajiri ilinikuta njiani na patasi mkononi. Bi Zena alifungua mlango akiwa kwenye mavazi ya kusalia. Nilimwambia pale pale, kabla ujasiri haujanitoka, kwamba ukuta ule niliutia simiti, kwamba asilale tena katika chumba kile, na kwamba leo hii naubomoa mbele ya watu nianze upya.

Hakushangaa hata kidogo.

"Kitanda nilikihamisha siku ile ile uliyomaliza," alisema. "Niliinama kutazama, mwanangu, sikuuona mkono wako. Hiyo habari ya jasho nilikuwa nakuletea nikidhani utasema mwenyewe."

Akanipisha mlangoni, nikaingia.