Jina Alilolitunga Mwalimu Mwenzangu

Nilifundisha hesabu Gendabi pamoja na mwalimu mwenzangu aliyetoka Lindi. Baridi ya huko wilayani Hanang ilimtesa, alikuwa akiingia darasani na sweta mbili. Ndiye aliyeandika ukurasa wa matokeo wa shule, wazazi waufungue kwenye simu na kukuta majina yamepangwa kijiji kwa kijiji. Lugha ya kuandikia kurasa za mtandao haikuwa na amri ya kugawa orodha kwa makundi, hivyo akatunga yake na kuipa jina. Mimi nilikaa kando yake nikijifunza.

Kisha akahamishiwa kwao. Nilimsindikiza hadi kwenye basi, nikazungumzia mizigo tu.

Miaka ikapita, nikaacha ualimu nikawa mwandishi wa programu. Siku moja nikapeleka pendekezo kwa jopo linalosimamia lugha ile: amri ya kugawa makundi iwe ya lugha yenyewe. Niliipa jina lile lile alilolitunga mwenzangu. Sababu sikuiandika.

Mjumbe mmoja akanijibu kwamba badiliko lolote lisiharibu kurasa zilizokwisha kuandikwa, kwa hiyo nijaribu kwanza za zamani. Nikaanza na ukurasa ule wa shule. Orodha ikatoka tupu. Mwenzangu alikuwa ameagiza ndani ya ukurasa kwamba lugha ikija kupata amri yenye jina hilo, itumike hiyo badala ya yake, na yangu ilitoa makundi kwa namna nyingine.

Nikampigia simu, mara ya kwanza tangu aondoke. Tulijuliana hali, nikamweleza.

"Kumbe ukurasa ule bado unafunguka?" akashangaa.

"Unafunguka. Hata wazazi wa kijiji cha Hirbadaw wanautumia."

Nikamwambia ningeweza kuurekebisha mwenyewe, jina libaki.

"Na kurasa za wengine walioandika kama mimi," aliuliza, "nani atazirekebisha? Badilisha jina, mwalimu."

Nikalibadilisha. Jopo lilijadili kwa muda mrefu, mwisho likakubali. Amri sasa imo, ina jina la kawaida kabisa, na kurasa za zamani zinafanya kazi kama jana.

Nilimwandikia kumjulisha. Akanipa hongera, akaongeza kwamba mwanawe wa kwanza ameanza shule. Ujumbe ulinikuta sokoni Haydom. Nikasimama kando ya njia, nikaandika jibu refu, nikalifuta, nikaandika jingine. Nilichotuma ni salamu kwa familia.