Waliofunga Kabla ya Kujibiwa

Mimi Boaz ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa mtaa wa Landless, Thika, na sipendi kuulizwa mke wangu hufanya kazi gani. Ukisema ni mtafiti wa kompyuta, mtu anakuletea simu iliyoanguka kwenye maji. Mama Becky hatengenezi simu, bana! Nzisa, ndilo jina lake, hutafuta kwa nini programu inakuwa nzito watu wakiwa wengi. Mtu mmoja akiitumia inaenda vizuri, wakija mia inalala. Yeye ndiye hujua imelalia wapi.

Alianzia kwenye saiba, duka la intaneti, pale Thika mjini, akingojea kuitwa chuo. Kompyuta ikigoma, wenzake wanazima na kuwasha. Yeye anataka kujua ilikuwa inafikiria nini. Ubishi huo ndio ulimfikisha kwenye udaktari, na sasa anafundisha chuo kimoja cha Ruiru kwa mkataba wa mwaka mwaka. Mkataba huo umenizeesha. Ukikaribia kuisha, nyumba nzima tunaongea polepole.

Mwaka jana nafasi ya kudumu ikatokea. Nzisa alikuwa ameurekebisha mfumo wa kuandikisha wagonjwa unaotumika kwenye zahanati kadhaa za huku kwetu. Akapima, akaandika makala kuonyesha kwamba kungoja kumeisha: ukibonyeza, jina la mgonjwa linatokea papo hapo. Jarida la wataalamu likaikubali. Wakubwa wake wakamwambia wazi, makala ikitoka, kazi ni yake. Mimi nikatangaza kanisani, na watu wakapiga makofi.

Wiki hiyo hiyo tukampeleka mama yake, Mama Magdalene, zahanati mojawapo kati ya hizo, huko Ngoliba, kwa ajili ya presha. Sisi Waluhya hatukai benchi moja na mama mkwe, kwa hivyo nilisimama nje dirishani, nikiona kila kitu. Muuguzi, Ciku, akaandika jina la mgonjwa aliyekuwa mbele, akabonyeza. Duara likazunguka. Likazunguka tu. Ciku akafunga ukurasa akaanza upya, wala hakukasirika. Likazunguka tena, akafunga tena. Alipojaribu mara nyingine, jina likatokea chap.

"Huwa mnafunga hivyo?" Nzisa akauliza.

"Kila siku, daktari. Ikikawia unafunga. Ukiwa na bahati inakubali."

Kumbe kipimo cha Nzisa kilikuwa kinahesabu waliojibiwa tu! Aliyechoka akafunga hakuandikwa popote. Ni kama mwenye hoteli anayewauliza walioshiba kama chakula kilichelewa, na wale waliotoka na njaa hawaulizi. Nzisa aliangalia lile benchi refu la akina mama, na mama yake akiwa katikati.

Tulipofika nyumbani akaniambia anaiondoa makala. Nilipandwa na hasira, sifichi.

"Mama Becky, nani atajua?"

"Mimi najua."

"Na kazi je?"

"Baba Becky, nimeandika kwamba hawangoji. Si umewaona?"

Nilikuwa nimewaona. Nikatoka nje kuchomelea lango la mtu ambaye hata hakuwa na haraka nalo.

Nafasi ikaenda kwa Githae, mwenzake pale chuoni. Ni kijana mpole, sina ubaya naye, ingawa salamu zangu kwake bado ni fupi. Nzisa akatia sahihi mkataba wa mwaka mwingine, akaanza kupima upya, safari hii akihesabu kila aliyebonyeza pamoja na waliokata tamaa. Matokeo yakawa mabaya ajabu. Lakini humo ndimo alimouona ugonjwa wenyewe: Ciku akifunga ukurasa, mfumo haukuwa na habari. Uliendelea kumtafuta mgonjwa yule yule, huku Ciku anaomba tena. Kadiri wauguzi wa zahanati zote walivyofunga na kuanza upya, ndivyo walivyoutwika mzigo zaidi. Nzisa akaufundisha mfumo kuacha kazi ambayo hakuna anayeingojea.

Juzi tulirudi Ngoliba. Nikashika dirisha langu. Mama Magdalene akaketi, akajitengeneza leso, akamgeukia jirani yake kumuuliza ng'ombe wake alizaa nini. Hakujibiwa. Ciku alishamwita.

Muda si muda akatoka na dawa mkononi, amekunja uso.

"Wuui, Nzisa! Hii kompyuta yenu ina haraka gani? Hata sijasalimia watu!"

Nzisa akaegemea ukuta akacheka mpaka machozi yakamtoka. Na mimi, haki ya Mungu, nikasahau mkataba unaisha lini.