Mwalimu Mkuu wa Mke Wangu

Mke wangu alianza kumsifu mwalimu mkuu wake mpya siku ya pili tu baada ya mtu huyo kuripoti shuleni kwao, na mimi nikaanza kumchukia siku hiyohiyo, kabla sijamtia machoni.

Mimi mwenyewe ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Bagamoyo mjini. Mke wangu anafundisha darasa la kwanza Mlingotini. Hatukupangwa shule moja, maana haipendezi mume kumsimamia mkewe kazini. Basi kila tukikaa kula, anakuja naye mkekani. "Mwalimu mkuu wetu leo kakaa darasani kwangu kipindi kizima, kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni." Kesho yake: "Mwalimu mkuu wetu hakuulizi andalio la somo liko wapi. Anakuuliza, leo mtoto gani hukumfikia?" Mimi namega tonge, nasema, "Kumbe." Nina miaka tisa katika kiti hiki, na sikumbuki siku ambayo mke wangu aliniuliza mimi huwauliza nini walimu wangu.

Nikataka kujua mtu huyo katokea wapi. Akaniambia Chalinze. Nikasema watu wa njia panda wana maneno mengi, wamezoea kuita abiria. Mke wangu akaniongeza mchuzi. "Wivu ni kidonda, baba watoto, ukishiriki utakonda." Alikuwa anatania. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukonda.

Na niseme la aibu: nilimwiga. Jumatatu moja niliingia darasa la nne, nikakaa nyuma, na kipindi kilipokwisha nikamwuliza mwalimu, kwa upole wa kuazima, leo ni mtoto gani hukumfikia. Alisimama wima. "Wote nimewafikia, Mwalimu Mkuu." Kufika saa nne, walimu wote ofisini kwao walikuwa wanajua kwamba mkuu anatafuta mtu wa kumwandikia barua. Tangu zamani walizoea kuniona nimesimama mlangoni na fomu, natia alama za vema, naondoka. Hawakuwa na sababu ya kuniamini ghafla. Nalijua hilo, lakini lawama zote nilimtupia yule wa Mlingotini.

Baadaye tukaitwa kwenye mafunzo, walimu wakuu kwa makundi. Yeye alishapita na kundi la kwanza, mimi nilikuwa la pili. Mwezeshaji alituambia kuwa zama za mwalimu mkuu wa kutunza funguo na kupokea wageni zimepita, kwamba kazi yetu kubwa iko darasani, kwenye ufundishaji. Mwishoni tukapewa zoezi. Kila mmoja ataitembelea shule ya mwenzake wa kundi la kwanza, ataangalia somo la mwalimu aliyependekezwa na mkuu wake kwenda kozi ya uongozi, kisha atamjazia fomu. Mwalimu asiyejaziwa fomu na mkuu wa nje, jina lake haliendi mbele.

Tulipiga kura kwa vikaratasi. Mimi nikapata shule ya hapa hapa mjini, naifika kwa miguu. Mlingotini ilimwangukia mama mmoja mtu mzima, mwalimu mkuu mwenzangu, akaanza kulalamikia magoti yake na vumbi la njiani. Nikamwambia, "Dada, hiyo nipe mimi." Akaniombea dua ndefu kwa wema wangu. Niliitikia amina bila kuona haya.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Mke wangu anatumia jina la baba yake, kama wanawake wengi wa kwetu, na afisa aliyesimamia zoezi alikuwa mgeni wilayani. Nyumbani nako sikusema. Nilitaka nimkute huyo bwana hajajipanga.

Nilitegemea mtu mrefu. Nikamkuta mfupi, mwenye kitambi kidogo na shati lililofuliwa mpaka kola imechakaa. Alinipokea kwa heshima, akanitolea kiti. Nikajitambulisha kwa jina na kwa shule, nikasubiri aseme "ahaa." Hakusema. Kumbe huko kazini mke wangu hanitaji kabisa, na hilo nalo liliniuma. Kisha akaniambia mwalimu aliyempendekeza ni wa darasa la kwanza, akalitaja jina la mke wangu na la baba mkwe wangu. Mke wangu hakuwa amenidokezea hata neno moja. Mtu wa Chalinze alilijua jambo la nyumbani kwangu kabla yangu.

Hapo ndipo ningesema, "Huyo ni mke wangu." Lilinifika kwenye ulimi. Lakini nilijua nikilisema tu atacheka, ataniita shemeji, ataagiza chai, na fomu itakwenda kwa mtu mwingine. Sikuja Mlingotini kuitwa shemeji. Nilitaka anione kama mwalimu mkuu mwenzake, na ikiwezekana aniogope kidogo.

Mke wangu aliponiona naingia darasani alishtuka, kisha akauvaa uso wa kazi. Watoto tisini wakasimama, wakaniamkia. Mwenyeji wangu akaenda kukaa nyuma, kwenye dawati dogo, magoti kidevuni kama nilivyosimuliwa. Nami nikakaa pembeni yake, maana kusimama mlangoni kungenisuta.

Somo lilikuwa kutoa. Mezani mbele palipangwa vifuniko vya soda kwa mafungu, kama samaki wanavyopangwa mnadani, na watoto wale wa pwani walijua mara moja pale ni wapi. "Fungu lina samaki wanane. Paka kapita, kachukua watatu. Wamebaki wangapi?" Vidole vikapaa. Mke wangu hakuviangalia, akamwita binti mmoja aliyekuwa ameinamisha kichwa. Binti akaja mbele, akanyamaza. Mimi ningeshamwita mwingine. Mke wangu alingoja. Alingoja mpaka mimi nikaanza kutokwa jasho kwa niaba ya yule mtoto, na darasa zima likangoja naye, bila mtu kucheka. Binti akaanza kusogeza vifuniko kimoja kimoja, midomo ikimchezacheza. "Watano," akasema. Mke wangu hakusema vizuri wala hakuomba makofi. Alimwuliza, "Umejuaje?" Na mtoto akaeleza.

Tumeoana miaka kumi na sita na sikuwa nimewahi kumwona akifundisha. Nilikuwa nimekuja na wivu wa mwanamume mmoja, na nikiwa nimekaa pale wivu ukahama. Nilimwonea wivu mke wangu. Mimi sijawahi kufundisha namna ile, hata nilipokuwa kijana na bado naipenda chaki.

Ofisini tulikaa watu watatu. "Karibu, Mwalimu Mkuu," mke wangu akaniambia, na mimi nikamjibu, "Ahsante, Mwalimu." Alidhani nilishamwambia mkuu wake kwamba mimi ni mumewe. Fomu nikaijaza palepale, nikaandika kila jema nililoliona, na nayaapia yote. Katikati palikuwa na swali: unamfahamu mwalimu huyu kwa namna gani? Nikaandika, "Kikazi tu."

Kesho yake mke wangu alimwambia mkuu wake, kwa kucheka, kwamba mgeni wa jana ni mumewe. Siku ya tatu mwanamume yule alikuja shuleni kwangu kwa bodaboda, akakataa kukaa. "Mwalimu, nimekuja nikwambie mwenyewe kabla sijakwenda kwa afisa. Fomu ile siwezi kuiacha iende hivyo." Nilitafuta kosa katika maneno yake nikalikosa. Afisa aliniandikia onyo, nalistahili. Majina yalikuwa yanapelekwa siku hiyohiyo, hapakuwa na muda wa kumtuma mkuu mwingine. Jina la mke wangu likakatwa, likaenda la mwalimu wa shule nyingine. Kozi ijayo haijatangazwa.

Mke wangu alirudi alasiri, akavua viatu, akakaa kuchambua mchele. Nikamweleza yote: kikaratasi nilichobadilishana, swali la kwenye fomu, na jibu langu. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza.

"Yule mama angekuja yeye, jina langu lingekwenda," akasema.

"Lingekwenda."

"Sasa nikuulize. Ulikuja kunitazama mimi?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Nilikuja kumtazama yeye. Nikakuona wewe."

Akaitua sinia chini. Hakupandisha sauti.

"Mie nafundisha mwaka wa kumi na nne huu. Siku ya kwanza umekuja kuniona, siku hiyohiyo ukanikana."